Tuko watengenezaji programu sitini: Git, Mercurial, au tubaki na Subversion?

Swali la msomaji kutoka Dodoma:

"Shikamoo kaka. Naongoza timu ya watengenezaji programu sitini. Arobaini tuko hapa Dodoma, kumi na watano wako Dar es Salaam, watano wanazunguka Manyoni na Singida kwenye vituo tunavyovihudumia. Tunatengeneza mfumo wa hospitali: usajili, malipo, maabara na dawa. Msimbo wetu uko kwenye Subversion na seva iko Dar. Mtandao ukikatika, kazi inalala. Ghala lenyewe limefika GB 18. Vijana wanataka Git, mzee mmoja wa kazi anasema Mercurial ni rahisi zaidi, na bosi wangu hataki hata moja kwa sababu amesikia kila mtu atakuwa na nakala ya msimbo wote kwenye laptopu yake. Tuchague nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwa msomaji mgeni: Git, Mercurial na Subversion ni programu zinazotunza msimbo (maandishi ya programu) pamoja na historia ya kila badiliko, na mahali pa kuutunza ndipo tunapopaita ghala. Nakupa jibu kwanza, sababu zifuate: hamieni Git, muwe na kitovu kimoja, yaani seva ya kukutanishia kazi, mnachokisimamia wenyewe, na msizihamishe hizo GB 18 kama zilivyo. Ila nikuambie ukweli mapema. Kati ya Git na Mercurial, yoyote mngechukua ingewafikisha karibu palepale. Kitakachowafanya mfurahi au mjute ni mambo ambayo hukuyauliza: mafaili gani yanaruhusiwa kuingia ghalani, tawi moja, yaani mkondo wa kazi uliojitenga na msimbo mkuu, linaishi siku ngapi, na nani ana ruhusa ya kuunganisha kazi ya watu kwenye tawi kuu. Nimeona timu za watu kumi zikishindana na Git kila siku, na nimeona za watu mia zikifanya kazi bila kelele. Zana ilikuwa ileile.

Tuanze na tofauti yenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Subversion ina daftari moja, nalo liko Dar. Laptopu ya kijana wako wa Dodoma imebeba ukurasa wa leo tu. Akitaka kuandika mstari mpya daftarini, yaani kukomiti, lazima afike Dar kwa mtandao. Akitaka kujua nani aligusa hesabu ya makato ya bima mwezi Machi, aulize Dar. Kwenye Git kila laptopu ina daftari zima tangu ukurasa wa kwanza. Kukomiti, kufungua tawi, kulinganisha toleo la leo na la mwaka jana, vyote vinamalizikia mezani kwake. Mtandao anauhitaji wakati wa kupeleka kazi yake na kupokea ya wenzake, yaani kupushi na kupulu.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Ofisi niliyokuwa naisaidia ilikuwa na kitovu chake cha Git nje ya nchi. Jumatatu yake vijana waliingia kazini, wakaandika, wakakomiti, wakaweka ghala la muda kwenye kompyuta moja ya ofisini wakaunganisha kazi humo wao kwa wao. Mtandao ulipotulia wakapeleka kila kitu kwa mpigo. Hakuna aliyepoteza hata mstari. Kwa timu yako iliyogawanyika kati ya Dodoma, Dar na barabara ya Singida, sababu hii peke yake inatosha kuondoka kwenye daftari moja la Dar.

Sasa Mercurial. Mzee wenu wa kazi ana hoja, msimcheke. Mifumo hii miwili ni pacha wa shida moja. Mwaka 2005 watengenezaji wa kiini cha Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, walinyang'anywa ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, programu ya kazi hiihii. Mwezi Aprili mwaka huo Linus Torvalds, muasisi wa Linux, akaanza kuandika Git, na mwezi huohuo Olivia Mackall akatangaza Mercurial. Mercurial ilikuja na amri chache zinazoeleweka, na mtu aliyetoka Subversion anaizoea haraka. Git ina amri nyingi, nyingine majina yake hayafanani na kazi zake, na siku za mwanzo watu wako watalalamika kweli.

Tatizo la Mercurial ni upweke. Mradi wa lugha ya Python uliitumia, ukahamia Git mwaka 2017. OpenJDK, mradi wa lugha ya Java, ikafuata mwaka 2020. Bitbucket, huduma ya mtandaoni ya kutunza maghala iliyoanza kama nyumba ya Mercurial, iliacha kuihudumia mwaka huohuo wa 2020. Mozilla, waliokuwa ngome yake tangu 2007, walitangaza mwaka 2023 kwamba kivinjari chao, Firefox, kinahamia Git. Meta, wenye Facebook, walibaki upande huo, lakini wamejenga juu yake zana yao wenyewe, Sapling, kwa kutumia wahandisi ambao wewe huna. Kijana anayetoka chuoni, awe UDOM au kwingine, akija kwenye usaili wangu huwa ameshaigusa Git japo kidogo. Kwa Mercurial nitamfundisha mimi. Ukiwa na watu sitini, kila mwaka wengine wanaondoka na wengine wanaingia, kwa hiyo gharama ya kufundisha hailipwi mara moja. Ndiyo maana nasema Git, ingawa kwa uzuri wa amri zake ningempa ushindi mzee wenu.

Nasikia pia kuna hofu kwamba watu sitini ni wengi mno kwa mfumo wa namna hii. Hapana. Kiini cha Linux kinaandikwa na maelfu ya watu na toleo jipya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10. Mwaka 2017 Microsoft walihamishia Windows kwenye Git: ghala la GB 300 hivi, mafaili milioni 3.5, wahandisi wapatao 4,000. Haikuwa kazi ya lelemama. Kunakili ghala lile zima kulichukua zaidi ya saa 12, ikabidi waandike programu ya ziada inayoleta faili pale tu linapofunguliwa. Mengi waliyojifunza yameingia ndani ya Git ya kawaida, na leo unayapata bila kulipa. Google hawakwenda njia hiyo kabisa. Msimbo wao mkuu uko kwenye mfumo wao wa ndani wenye kitovu kimoja. Nyinyi wa sitini mko mbali sana na mipaka hiyo.

Kinachonitia wasiwasi kwako ni zile GB 18. Msimbo wa mfumo wa hospitali, hata wa miaka kumi, haufiki huko. Msimbo ni maandishi, na maandishi Git huyabana vizuri kwa kutunza tofauti kati ya toleo na toleo. Picha, video, mafaili ya zip na nakala za hifadhidata hayabaniki hivyo. Ukibadilisha faili la MB 200 mara kumi, unaweza kuishia na karibu GB 2 ghalani, na hazitoki hata ukilifuta faili lenyewe, maana historia inalikumbuka. Subversion ilikuficha jambo hili kwa sababu historia ilikaa Dar. Kwenye Git historia inakuja kwa kila mtu. Hebu mfikirie kijana wako aliyeko Manyoni akishusha GB 18 kwa bando la simu.

Kwa hiyo kabla ya kitu kingine, kaa na mtu mmoja anayelijua ghala, mpange mafaili kwa uzito, mkianza na mazito kuliko yote. Nabashiri mtakuta makundi matatu. La kwanza ni takataka: programu zilizokwisha kujengwa, maktaba za nje ambazo zinaweza kushushwa upya, kumbukumbu za mitambo (logi). Hizi msihame nazo. La pili ni mafaili makubwa ya halali, kama picha za usanifu na miongozo yenye video. Hayo yawekeni kwa Git LFS, ambayo huacha ghalani karatasi ndogo ya anwani na kulitunza faili lenyewe pembeni kwenye seva. Ina pia amri ya kufunga faili ili wawili wasilihariri kwa pamoja, jambo la lazima kwa kuwa picha mbili haziunganishwi kama mistari ya msimbo. Kama wasanifu wenu ni wachache na wanaipenda Subversion kwa ajili ya kazi hiyo, waacheni nayo. Si dhambi kuwa na mifumo miwili kwa kazi mbili tofauti.

Kundi la tatu ndilo linalonikosesha usingizi kwa niaba yako: nakala za hifadhidata. Karibu kila ghala la zamani nililowahi kulifungua lilikuwa nazo, mtu aliziweka "kwa muda" ili mwenzake ajaribie. Kwenu zitakuwa na majina ya wagonjwa, namba za simu na majibu ya maabara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Mkizihamisha bila kuzichambua, mtakuwa mmezigawa kwenye laptopu sitini kwa siku moja. Zitoeni kabla ya kuhama, zitoeni mpaka kwenye historia, na wajaribuji wapewe data za kutunga. Fanyeni vivyo hivyo kwa nywila za seva na funguo za mifumo ya malipo, kisha mzibadilishe zote, kwa sababu ufunguo uliowahi kukaa ghalani hauaminiki tena hata ukifutwa.

Hapo ndipo bosi wako ana haki, na ningependa umwambie hivyo waziwazi. Hofu yake ina msingi. Git haina namna ya kumruhusu mtu kusoma folda hii na kumzuia ile ndani ya ghala moja. Subversion inayo. Lakini mkumbushe pia kwamba leo hii kila mwenye akaunti tayari amebeba msimbo wote wa sasa kwenye laptopu yake. Kinachoongezeka ni historia. Kama kuna sehemu ambayo kweli si ya kila mtu, tuseme kipande kinachozungumza na benki, kitengewe ghala lake na watu wake watano. Diski za laptopu zisimbwe kwa nywila. Mtu akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo.

Na kuna hofu ya upande wa pili ambayo hajaisema: watu hudhani kwa kuwa nakala ziko sitini, basi hakuna haja ya akiba. Haja ipo. Nakala ya laptopu inabeba msimbo na historia yake. Haibebi mijadala ya mapitio, orodha ya kazi, ruhusa za watu, wala mafaili yote ya LFS. Seva ikiungua navyo vinaungua. Wekeni akiba kila usiku mahali pengine, na mara moja kwa miezi mitatu mjaribu kuirejesha kwenye kompyuta tupu muone kama inafufuka.

Ghala moja au mengi? Watu hubishana hapa mpaka chai inapoa. Kipimo changu ni kimoja: vitu vinavyotoka pamoja vikae pamoja. Kama badiliko la fomu ya usajili linalazimisha badiliko kwenye malipo siku ileile, ukiyatenganisha utakuwa unafanya badiliko moja kwa komiti mbili na mapitio mawili, na ipo siku komiti moja itatangulia nyingine na mfumo utaanguka kaunta ya wagonjwa. Kwa maelezo yako, ningeanza na ghala moja la mfumo mzima, ghala dogo la kipande cha benki, na la tatu la programu ya simu kama mnayo. Kugawa baadaye ni rahisi kuliko kuunganisha. Wale wa Singida wasiohitaji historia yote wanakili kwa amri ya git clone --filter=blob:none, inayoleta orodha ya mabadiliko yote lakini yaliyomo ndani ya mafaili yanashuka pale yanapohitajika. Hakikisha tu seva mtakayochagua inaikubali njia hiyo, na wao wajue kwamba bila mtandao matoleo ya zamani hayatafunguka kwao.

Sasa matawi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipoumia. Kuna mradi mmoja niliofanya nao kazi hapa Dodoma, timu ya watu thelathini hivi. Walihama kutoka Subversion wakiwa na furaha kwamba kufungua tawi ni bure. Kila kikundi kikafungua lake. Tawi la ripoti likaishi miezi minne bila kurudi kwenye tawi kuu. Siku ya kuunganisha ilipofika, mafaili zaidi ya mia tatu yaligongana, na watu wanne walifungiwa chumba kimoja Kisasa kwa wiki mbili wakiamua mstari huu ubaki au ule. Waliokuwa wameandika baadhi ya mistari hiyo walishaacha kazi. Lawama zote zikaenda kwa Git. Git haikuwa na kosa, ilikuwa inaonyesha tu ukubwa wa yale ambayo vikundi viwili havikuambiana kwa miezi minne.

Anayelima zabibu hapa Dodoma anapogoa mzabibu ili apate mavuno yake mawili kwa mwaka. Akiuacha ujiendee, anapata majani. Weka sheria: tawi lisizidi siku tatu, nne likiwa gumu. Kazi isiyokamilika iingie kwenye tawi kuu ikiwa imefichwa nyuma ya swichi kwenye mipangilio, watumiaji wasiione mpaka iive. Tawi kuu lifungwe, mtu yeyote asipeleke moja kwa moja, awe kiongozi au wewe mwenyewe. Kila badiliko lisomwe na mtu mmoja asiyeliandika, na majaribio ya kiotomatiki yapite kwanza. Kila sehemu ya mfumo iwe na wenyewe: dawa iwe na watu wawili, malipo wawili, na bila mmoja wao kukubali badiliko lisiingie. Hivi ndivyo hata Linux inavyokwenda, kila eneo na msimamizi wake, na kazi inapanda ngazi kwa ngazi mpaka juu.

Komiti zikiwa ndogo kuna faida nyingine ambayo vijana huigundua wamechelewa. Siku malipo yanapokataa na hujui yalianza lini, amri ya git bisect inaligawa daftari katikati na kukuuliza, hapa palikuwa pazima au pamevunjika? Kwa komiti elfu moja unahitaji majaribio kumi tu kumfikia mhalifu. Kama kila komiti ni kazi ya wiki nzima yenye mafaili mia, utamfikia na bado hutajua ni mstari upi.

Kitovu kikae wapi? Kwa kazi ya hospitali ningekiweka kwenye seva mnayoisimamia, ndani ya nchi. Kati ya programu za kuendesha kitovu, GitLab ina kila kitu lakini inataka seva yenye kumbukumbu (RAM) ya kutosha na mtu wa kuitunza. Gitea na Forgejo ni nyepesi, zinakaa kwenye mashine ndogo, na kwa watu sitini zinatosha kabisa. Ningechagua mojawapo ya hizi mbili, isipokuwa kama tayari mna fundi anayeijua GitLab. Kitovu kiwe Dodoma kwa kuwa arobaini wako hapa, na nakala yake kamili Dar inayojisasisha yenyewe. Betri na jenereta sina haja ya kukukumbusha, unaishi mji huuhuu.

Kuhama kwenyewe kusifanywe kwa kishindo. Chukua watu wanane, changanya wepesi na wagumu wa kujifunza, muweke na yule mzee wa Mercurial, maana yeye ndiye atakayeona kasoro za kweli. Wahamishie sehemu ya maabara tu kwa wiki tatu. Amri ya git svn itawabebea historia, lakini tengenezeni kwanza orodha ya kulinganisha majina ya akaunti za zamani na majina kamili na baruapepe, la sivyo miaka kumi ya kazi itabaki na majina ambayo hakuna anayeyatambua. Angalieni folda tupu, Git haizitunzi. Angalieni na mwisho wa mistari kati ya walio Windows na walio Linux. Msipoweka kanuni mapema, faili zima litaonekana limebadilika wakati mtu kagusa neno moja.

Jambo dogo linalosahaulika: Subversion huhesabu mabadiliko kwa namba zinazofuatana, na bila shaka ripoti zenu zimejaa maneno kama "imerekebishwa kwenye 4127". Git hutumia alama ndefu ya herufi na tarakimu 40, isiyo na mpangilio kwa macho ya mtu. Tengenezeni jedwali la kutoka namba za zamani kwenda alama mpya na liwekwe palipo wazi. Ile Subversion ya Dar iachwe iwake kwa kusoma tu, mwaka mzima.

Na wale watano wa barabarani: wafundishe amri ya git bundle kabla ya zote. Inafunga komiti zote mpya kwenye faili moja, faili linawekwa kwenye flashi iliyosimbwa, flashi inapanda basi la Singida na mtu wenu. Jioni inafunguliwa kituoni kama vile imetoka kwenye seva, na kazi yao ya wiki inarudi Dodoma kwa njia hiyohiyo.